Nipimeni Kwanza

Wanangu walinifanyia kikao sebuleni kwangu mwenyewe. Walikuja wote watatu siku moja, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tumzike baba yao, na walikuja na nyama na soda. Nikajua. Mtoto mtu mzima akikuletea nyama na si sikukuu, ujue ana neno, na neno lenyewe ni zito.

Nina miaka sabini na moja. Nakaa juu ya Kikatiti, kwenye mteremko wa Mlima Meru, penye migomba, kahawa kidogo na miparachichi ambayo siku hizi ndiyo inayonilisha. Nina pikapu ya zamani, ya gia za mkono. Siku za soko napeleka nayo parachichi Tengeru, na kila baada ya wiki mbili napita nayo mjini, nazunguka mpaka Oldonyo Sambu kumchukua dada yangu. Aliolewa huko. Alipata kiharusi, mguu mmoja ukabaki mzito kama gogo, na mazoezi yake ya viungo yako hospitali mjini. Kumpandisha kwenye basi ni kazi ya watu wawili wenye nguvu. Kwenye pikapu yangu namwekea stuli, anakanyaga, namsukuma makalio, tunacheka, tunaondoka.

Mwanangu wa kwanza, ambaye ni mtu wa ofisini mjini, ndiye aliyefungua kikao.

"Mama, lile lundo la kokoto."

Wiki moja kabla, nikitoka Tengeru na jua limeshazama, nilikuwa nimeparamia kokoto ambazo mtu anayejenga alizimwaga upande wa kushoto wa barabara yetu ya vumbi. Taa ya kushoto ikavunjika. Hakuumia mtu. Niliwaambia watu wote kwamba kokoto zilimwagwa vibaya, na kweli zilimwagwa vibaya. Ambalo sikumwambia mtu ni kwamba sikuziona kabisa. Nilizisikia.

"Na leseni yako inaisha mwezi ujao," akaendelea. "Siku hizi wamekaza. Mtu wa umri wako akienda kuhuisha anapimwa upya, macho, presha, mpaka kuendesha. Kuliko uende kuaibishwa pale mbele ya watoto, si bora upumzike tu kwa heshima yako? Tutakutafutia dereva."

"Nani kasema nitaaibika?"

Binti yangu mdogo akatazama soda yake.

"Mama, sisi tunakupenda," akasema binti mkubwa.

"Kama mnanipenda, nipimeni kwanza. Kama nimeisha, aseme anayejua kupima. Siyo ninyi na nyama yenu."

Mwanangu akainuka, akachukua ufunguo wa gari kwenye msumari ukutani, akautia mfukoni. Hakuuchukua kwa ukali. Aliuchukua polepole, kama unavyomtoa mtoto mdogo kisu mkononi, na hilo ndilo lililoniuma. Niliwapakulia nyama yao, wakala, wakaondoka.

Lazima niseme nilivyoupata huo usukani, ndipo mtu aelewe kwa nini sikulala vizuri wiki ile. Nilijifunza kuendesha nikiwa na miaka thelathini na miwili, watoto wote watatu nimeshawazaa. Mume wangu alikuwa na gari lakini hakutaka niliguse. Alikuwa mtu mwema, ila katika hilo hakuwa akisikia. Alisema mkono wa mwanamke ni wa kupika na kulea, usukani una wenyewe. Basi nikamwomba dereva wa lori aliyekuwa akija kubeba kahawa yetu, mzee mmoja wa Kichaga mwenye maneno machache, akanifundisha kwenye kiwanja cha mnada siku ambazo hakuna mnada. Kila nikizima gari alisema, "Tena." Hakusema kingine. Mume wangu aliposikia alininunia miezi miwili. Kisha asubuhi moja, yeye yuko Momela kikazi, binti yetu mkubwa akashikwa na degedege. Nilimfunga mtoto kwa kanga kwenye kiti, nikawasha gari, nikamfikisha hospitali. Jioni baba yake aliporudi alimshika mtoto paji la uso, halafu akaniuliza kama nilikumbuka kuangalia maji ya rejeta. Hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu, na nimeitumia mpaka leo.

Sasa nimtazame mtoto niliyemzaa akiondoka na ufunguo wangu? Jumatatu nilivaa gauni la kanisani, nikashuka kwa miguu mpaka barabara kuu, nikapanda gari za abiria hadi mjini, kwenye ofisi ya leseni.

Mezani alikuwepo askari wa kike, mdogo kwa binti yangu wa mwisho, nguo nyeupe zimenyooshwa hadi zinakata.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nimekuja kupimwa."

"Kupimwa nini, mama?"

"Chochote mnachopima."

Akacheka, lakini hakunicheka mimi. Akanieleza. Kwa umri wangu nilitakiwa kwanza niwe na cheti cha daktari cha macho, masikio na presha. Nikikipata nirudi niulizwe alama za barabarani, kisha niendeshe mkaguzi akiwa pembeni yangu, kama mtu anayeomba leseni kwa mara ya kwanza. Kwenye benchi walikuwapo wazee wenzangu, wote wanaume, wanalalamika. Mmoja alisema ameendesha malori mpaka Kigoma kabla mkaguzi huyo hajazaliwa. Nami nilikuwa na hasira kama yeye. Nikamwuliza yule binti, "Na hawa wa bodaboda wanaotupita kulia na kushoto kama nzige, wao wanapimwa lini?"

"Nao wana siku yao, mama. Leo tuanze na wewe."

Hospitali walinifunika jicho la kushoto, wakaniwekea ukutani herufi za E zinazotazama huku na huku, nionyeshe kwa mkono zinaelekea wapi. Jicho la kulia lilizisoma mpaka mstari wa pili kutoka mwisho. Wakafunika la kulia. Ukuta ukawa maziwa. Nilijua ukuta upo kwa sababu niliuona kabla hawajanifunika.

"Hii inaelekea wapi, mama?" mtaalamu akauliza.

"Ipi?"

Akaweka kijiti chake chini. "Mama, umekuwa ukiendesha hivi?"

"Ndiyo."

"Kwa muda gani?"

"Si muda mrefu," nikasema, na huo ulikuwa uongo. Karibu mwaka mzima nilikuwa nikipinda shingo kama kuku anayetazama mwewe, nikijiambia ni vumbi. Usiku taa za magari zilikuwa zikitawanyika mbele yangu kama nywele, nami nikilaumu wenye magari kwa kuwasha taa kali.

Ulikuwa mtoto wa jicho. Alisema unaweza kuondolewa, wakaweka lenzi ndogo ndani, na kwamba kwa sasa hawezi kunisainia cheti. Nikatoka pale nikakaa kwenye ngazi za hospitali. Nilitaka kulia ila hasira ilikuwa kubwa kuliko machozi, na sikujua nimkasirikie nani. Mwanangu alikuwa amesema kweli bila kujua. Hilo lilinichoma kuliko jicho.

Habari ilinitangulia nyumbani. Jioni akaja jirani yangu, rafiki wa marehemu mume wangu, mzee wa kanisa, naye ni dereva, umri wake umezidi wangu. Alikaa, akanywa chai, akashusha sauti ingawa tulikuwa wawili tu.

"Shemeji, unajisumbua bure. Yuko mtu mjini anagonga muhuri wa daktari bila hata kukuona. Mimi ya kwangu ndiyo hii." Akatoa karatasi kwenye koti, imekunjwa vizuri. "Macho safi, masikio safi. Nikuunganishe?"

"Shemeji, hiyo karatasi inaona?"

"Nini?"

"Nauliza, hiyo karatasi ndiyo inayotazama barabara?"

Akaikunja. "Wiki iliyopita ulikuwa unaendesha na jicho hilohilo. Leo umekuwa mtakatifu?"

Alinipata, na nilikiri. "Ndiyo, nilikuwa naendesha. Nikagonga kokoto. Zingeweza kuwa mtoto wa mtu. Mimi nataka waniambie naweza kwa sababu naweza, siyo kwa sababu mtu amegonga muhuri. Nikiingia kwa mlango wako, wanangu watakuwa na haki ya kuninyang'anya kila kitu, hata jembe."

Aliondoka chai haijaisha. Hakurudi tena kwangu kwa miezi.

Nilipasuliwa jicho baada ya wiki mbili. Binti mdogo alinisindikiza na kulala kwangu. Nilidhani ni jambo kubwa, kumbe niliingia, nikalala macho wazi chini ya taa, daktari akiongea na muuguzi juu ya mvua, na kabla sijamaliza Zaburi ninayoijua kwa moyo waliniambia niinuke. Kesho yake wakanifungua kitambaa. Nilirudi nyumbani nikajionea mambo. Kitenge nilichoamini ni cha kijivu kilikuwa cha bluu. Jani la mgomba lilikuwa na kijani cha aina tatu. Niliona nyufa za mlima juu kule ambazo nilikuwa nimezisahau. Niliona pia masizi kwenye ukuta wa jiko langu na utando wa buibui kila kona, nikaona aibu kwa wageni wote niliowakaribisha mwaka ule. Nikampa binti yangu ufagio.

Mwanangu alikuja Jumapili. Nilimsomea namba za gari lake kutoka barazani.

"Kumbe ulikuwa huoni, Mama," akasema taratibu.

"Upande mmoja nilikuwa sioni. Sasa naona. Ufunguo wangu."

"Ukipita mtihani wa kuendesha."

Nikamtazama. Hilo lilikuwa la haki, nami ndiye niliyelidai. "Sawa. Nikipita."

Siku hizo zote dada yangu alikuwa akikosa mazoezi. Alinipigia simu kutoka Oldonyo Sambu, sauti juu. "Umekufa?"

"Sijafa. Napimwa."

"Wakupime haraka, mguu unanikauka."

Daktari alipotoa cheti chake, mwanangu aliendesha pikapu yangu mpaka kwenye kiwanja cha majaribio, mimi nimekaa upande wa abiria kama mzigo. Maswali ya alama nilijibu yote. Rivasi kati ya koni niliingia mara moja. Tukatoka barabarani mimi na mkaguzi, bwana mmoja wa makamo asiyetabasamu. Nikajiona nimerudi nyumbani. Nilikuwa nikiendesha kama ninavyoendesha siku zote, na hilo ndilo lililoniponza. Nilitoka kwenye mzunguko wa kipilefti bila kuwasha indiketa. Nikapita zebra na mama mmoja mwenye ndoo amesimama pembeni akingoja kuvuka, wala sikupunguza mwendo.

Tuliporudi alisema, "Mama, unajua kuendesha kuliko wengi ninaowapima hapa. Lakini unaendesha kama barabara ni ya ukoo wako. Yule mama wa ndoo hukumwona?"

"Nilimwona. Nilijua angesubiri."

"Ndiyo sababu umefeli. Rudi baada ya wiki mbili."

Nikapokea karatasi yangu bila kubisha. Nilikuwa nimemwona yule mama kwa macho mawili mazima, na bado nilipita. Hapo hapakuwa na ugonjwa wa kusingizia.

Wakati wa kurudi mwanangu aliendesha taratibu mpaka Usa River. Halafu akasema, "Mama, umejaribu. Hakuna atakayekulaumu."

"Wiki mbili," nikamwambia. "Jumamosi na Jumapili utakuja unikalie pembeni, nifanye mazoezi."

Alikuja. Nadhani alikuja akitegemea kwamba nitachoka. Nilikuwa nimeazima kitabu cha sheria za barabarani kwa binti wa jirani mwingine, anayesoma udereva, nimekisoma mpaka kwenye maelezo ya malori ya kubeba mafuta ambayo sitayaendesha kamwe. Tuliteremka Kikatiti, tukapanda, tukateremka tena. Kila zebra nilisimama hata kama anayengoja ni mbuzi. Ikawa zamu yangu kumrekebisha yeye. Siku moja alipokuwa akinirudisha nyumbani kutoka dukani kwa gari lake, alijibu simu huku anakata kona.

"Weka simu chini."

"Mama, ni dakika moja tu, ni bosi."

"Simamisha gari uongee na bosi. Wewe bado hujafika umri wa kupimwa, ndiyo maana unajiona mzima."

Alisimama. Aliongea na bosi wake pembeni ya barabara, uso umekunjamana, mimi nimetazama mbele. Tangu siku hiyo alianza kunisikiliza kwa namna nyingine. Sikumwuliza, ila niliona.

Mara ya pili mkaguzi alikuwa yuleyule, lakini safari hii alikuwa na msaidizi mgeni. Barabarani nilimaliza salama. Tuliporudi, msaidizi akataka nipande kilima cha kiwanja, nisimame katikati, nibalansi klachi, niondoke bila gari kurudi nyuma. Nikafanya. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akasema, "Tena." Nikafanya mara ya tatu, gari halikurudi hata unene wa kidole. Akaandika kitu, akasema, "Mara moja zaidi, mama. Wazee miguu huwa inachelewa."

Nikazima gari. Nikashuka.

"Mwanangu," nikamwambia yule msaidizi, "yule binti aliyepimwa kabla yangu umempandisha mara ngapi?"

"Mara moja, mama, lakini..."

"Na gari lake lilirudi nyuma, nimeona mwenyewe. Ukampitisha?"

Akatazama karatasi yake.

"Umri wangu umeshapimwa na daktari, uko kwenye cheti hapo mkononi mwako. Hapa kilimani pima gari na miguu. Nimepanda mara tatu. Kama kuna mara iliyo mbaya, nionyeshe niende nyumbani. Kama haipo, usinifanye nipande mpaka nikosee."

Watu walikuwa wakitutazama kiwanja kizima. Mwanangu alikuwa amesimama karibu na ukuta, na niliogopa kwamba atakuja kunishika mkono aniombee msamaha. Hakuja. Alibaki palepale, mikono kifuani. Mkaguzi mkubwa akaja, akachukua karatasi kwa msaidizi wake, akaisoma, akamwambia kwa sauti ya chini jambo ambalo sikulisikia. Kisha akanigeukia.

"Umepita, mama."

"Kwa haki?"

"Kwa haki. Hata indiketa uliwasha."

Yule msaidizi alinifuata mpaka kwenye gari. "Samahani, mama," akasema. Nikamwambia nimesamehe, na kwamba aendelee kutupima sana, ila atupime wote. Nilikaa ndani ya gari dakika kumi, mikono juu ya usukani, kabla ya kuwasha. Wao walidhani nasali.

Leseni niliyopewa haikai muda mrefu kama ya vijana. Nitarudi kupimwa mapema, na nimewaambia waniwekee kiti kizuri. Usiku siendeshi tena. Hilo niliamua mwenyewe, kwa sababu bado taa za magari zinanichokesha, na sikumtangazia mtu. Nikikawia Tengeru nalala kwa shoga yangu, narudi asubuhi. Dada yangu amerudi kwenye mazoezi, na siku ya kwanza alinituma nimpitishe Ngaramtoni anunue viatu, kwa kuwa mguu umeanza kuamka.

Jirani yangu bado anaendesha na karatasi yake. Kulipotokea msiba Usa River alijitolea kuwabeba akina mama wa kwaya, nami nikasimama pale mbele ya kanisa nikasema, wote wakisikia, kwamba mimi ndani ya gari hilo siingii mpaka mwenye gari apimwe macho. Wapo walionizomea. Mchungaji alinikanya kwamba sikutumia busara. Inawezekana. Akina mama wanne walishuka, tukaenda na pikapu yangu, wawili mbele na wawili wakapanda basi kwa kuwa nyuma sipakii watu. Shemeji hanisalimii. Mke wake ananisalimia, tena juzi aliniuliza kwa kunong'ona ile hospitali ya macho iko wapi.

Mwezi uliopita mwanangu alikuja tena, peke yake, bila nyama. Tulikunywa chai barazani. Akaniuliza, kwa upole, siyo kama siku ile, "Mama, utaacha lini?"

"Siku nitakayofeli na kujua kwamba nimefeli kwa haki, nitashuka mwenyewe. Hutahitaji kuitisha kikao."

"Na usipofeli?"

"Basi utakuwa na mama anayeendesha. Kuna ubaya?"

Akacheka, akatikisa kichwa. Ilikuwa Jumatano, siku ya soko, na kreti za parachichi zilikuwa zimeshapangwa nyuma ya pikapu. Nikamwambia asogeze gari lake, alikuwa ameniziba njia.